Jina la Baba Mbaluka

Kila Alhamisi, kabla jua halijapasha moto mabati ya kanisa, Kasyoka alikuwa ameshapangusa meza. Ilikuwa meza ya watoto wa Jumapili, fupi, ya kumfanya mtu mzima akunje magoti mpaka yakaribie kidevu. Lakini kwake yeye hiyo ilikuwa meza ya ofisi. Juu yake aliweka kalamu mbili, pini ndani ya kifuniko cha chupa, na rundo la fomu za Mfuko wa Nauli.

Mfuko huo ulikuwa wa makanisa ya Kasikeu na vijiji vya karibu, kwa ajili ya watu wasio na kitu ambao hospitali imewaita mbali. Utaratibu wake ulikuwa mmoja. Safari ya kwanza unajitafutia nauli mwenyewe. Ukifika hospitali unagongewa muhuri, unatunza risiti za gari, halafu unakuja kujaza fomu, na ofisi iliyoko mji wa Wote inakurudishia ili upate cha kwendea safari ya pili. Wengine walikuwa wakiuza kuku kwa hiyo safari ya kwanza. Wasiporudishiwa, hakuna kuku tena wa kuuza.

Mchungaji alipouliza ni nani mwenye mwandiko wa kusomeka, akina mama walimsukuma Kasyoka mbele. Alikuwa amesoma mpaka darasa la nne, akatolewa shule akachunge mbuzi, lakini mwandiko wake ulibaki mzuri, wa kulala upande kama mtama uliopigwa na upepo. Alikuwa na miaka sitini na tisa na wajukuu kumi na moja, na maisha yake yote alikuwa amekaa upande ule mwingine wa meza, upande wa kuulizwa. Kwa hivyo alipokaa upande wa kuuliza, aliamua jambo moja: hapo mezani Kikamba hakitasemwa. Ofisi zote alizowahi kuingia alisemeshwa Kiswahili, tena kwa sauti ya juu. Na hii yake ingekuwa ofisi.

"Jina la mwombaji?" alimwuliza Syokau siku ya kwanza.

"Wee Kasyoka! Mimi? Mimi niliyekufunga kitambaa kichwani siku ya harusi yako?"

"Jina la mwombaji, mama."

"Haya, mama serikali," Syokau alisema, na foleni nzima ikacheka. "Andika Syokau. Na uandike pia kwamba nimekuja na miguu yangu miwili."

Kasyoka hakucheka. Aliandika.

Syombua alikuja mwezi wa pili wa kazi hiyo, siku yenye foleni ndefu. Hakuwa wa kijiji kile. Alitoka mlima wa pili, kule ambako Kasyoka hakuwa na ndugu wala rafiki. Alikuja akimwongoza mzee asiyeona vizuri, na namna alivyomwongoza ilimfanya kila mtu ageuke. Hakumshika mkono. Alishika ncha moja ya fimbo na mzee akashika ncha ya pili, wakapanda ngazi za kanisa hivyo, fimbo ikiwa katikati yao. Watu waliitikia kwa vichwa. Huyo ni baba mkwe wake, wakajua, na huyo mwanamke amelelewa. Mkaza mwana hamgusi baba mkwe.

Kasyoka pia aliona fimbo ile. Baadaye hilo ndilo lililomkaba zaidi, kwamba aliiona.

Mzee aliketishwa nje kwenye kivuli cha ukuta. Syombua akaja mezani peke yake.

"Jina la mwombaji?"

"Syombua."

"Jina la mgonjwa?"

Syombua akatazama vidole vyake. Kiswahili chake kilikuwa cha kwenda sokoni na kurudi, si cha kukaa nacho. "Ni mzee wetu, yule pale."

"Mzee ako na jina."

"Mwaitu, si…" Hilo neno *mwaitu*, mama yetu, lilikuwa la Kikamba, na Kasyoka akainua kidole kumkumbusha.

"Kiswahili, mama. Jina la mgonjwa."

"Ni Baba Mbaluka."

Kosa liliingilia hapo. Syombua angeachwa aseme Kikamba angesema *ithe wa Mbaluka*, baba yake Mbaluka, na hata mtoto angeelewa kwamba Mbaluka ni mtu mwingine, ni mwana. Lakini kwa Kiswahili cha kusukumwa, Kasyoka alisikia Baba kama heshima tu, kama vile mtu anavyosema Mzee Mbaluka. Akaandika kwa herufi zake za kulala: MBALUKA.

"Nambari ya simu?"

"Ya Mbaluka," Syombua akasema, akaitaja kwa moyo, tarakimu moja moja.

Kasyoka akasita. Mbona sasa hakusema Baba? Wazo hilo lilimpitia kichwani mara moja, kama nzi. Nyuma ya Syombua watu walikuwa kumi na wanne na mtu mmoja alikuwa anakohoa. Akaliacha lipite.

Kadi ya hospitali ilikuwa mezani, mbele yake kabisa, imeandikwa jina lote. Lakini miwani ya Kasyoka ilikuwa imevunjika mkono mmoja, ameufunga kwa uzi wa kushonea magunia, na aliona haya kuivaa mbele za watu. Ilikuwa kwenye mkoba. Bila miwani aliweza kuandika, maana mkono unajijua, lakini kusoma maandishi ya daktari hakuweza. Akaishika ile kadi, akaigeuza nyuma na mbele, akasema, "Iko sawa," akaibana kwa pini pamoja na risiti.

"Daktari amesema nini?"

"Ni presha ya macho. La kushoto ndilo baya. Amesema turudi afanyiwe upasuaji, tarehe imeandikwa hapo. Tukichelewa halitarudi." Syombua akainamisha kichwa. "Nauli ya kwanza niliuza kuku. Ni gari tatu kwenda mpaka huko Kitui, na gari tatu kurudi."

"Utarudishiwa kabla ya hiyo tarehe," Kasyoka akasema, kama mtu mwenye mfuko huo mfukoni mwake.

Wiki tatu baadaye Wahome alikuja kutoka Wote. Alikuwa kijana wa upande wa Nyeri, mpole, mwenye faili ya buluu, na ndiye aliyepitisha fomu zote. Siku hiyo alileta fedha za waliokubaliwa. Foleni ilikuwa imejaa hadi mlangoni, na Syombua alikuwa ndani yake. Upasuaji ulikuwa Jumatano iliyofuata.

"Shosho," Wahome alimwambia Kasyoka mbele ya wote, kwa neno la kwao la kumwita bibi, "kama vituo vyote vingeandika kama hapa Kasikeu, mimi ningekuwa nalala vizuri. Fomu safi. Hakuna kufutwafutwa."

Watu wakapiga makofi kidogo. Kasyoka akasikia uso wake ukipata joto, akajifanya anapanga pini.

"Ila iko moja," Wahome akasema. "Syombua ni nani?"

Syombua akaja mbele.

"Mama, mgonjwa wako anaitwa nani?"

"Ni mzee wetu."

"Jina lake."

"Baba Mbaluka."

"Mbaluka nimempigia mwenyewe kwa nambari uliyotoa. Yuko Mwingi, anauza mbuzi. Nimemwuliza, wewe ndiye mgonjwa wa macho? Akaniambia, macho yangu? Mimi naona mbuzi mwenye minyoo kutoka ng'ambo ya soko!"

Foleni ikacheka. Wahome hakucheka. Alikuwa ameshatapeliwa kwa fomu za uongo mahali pengine, na jambo hilo lilimfanya awe mkavu. Akafungua faili. "Kadi uliyoleta ina jina lingine kabisa. Hii kadi umeazima kwa nani?"

"Sijaazima. Ni yake."

"Ya nani? Sema jina, mama. Ukilisema tu likilingana na kadi, nitakurudishia sasa hivi."

Syombua akafungua mdomo. Akaufunga.

Kasyoka alielewa wakati huo huo. Kadi ilikuwa upande wake, na jana yake mjukuu wake Kanini alikuwa amemnunulia miwani ya sokoni iliyo nzima, nayo ilikuwa puani. Akasoma kwa urahisi: GEDION MUSEMBI. Fimbo ile ikamjia mbele ya macho, ncha moja na ncha ya pili. Mwanamke asiyeweza kumshika baba mkwe wake mkono, ataliwekaje jina lake mdomoni? Yeye mwenyewe Kasyoka, baba wa marehemu mume wake alikufa miaka thelathini iliyopita na mpaka leo hajawahi kulitamka jina lake. Mtoto wake wa kiume aliyepewa jina hilo alimwita "Mgeni" mpaka akaoa.

Ilitosha aseme, "Wahome, huyu hawezi kusema, ni baba mkwe wake. Mimi ndiye nilikosea kuandika." Ni maneno machache, asingeishiwa pumzi. Lakini makofi bado yalikuwa yanamlia masikioni. Angesema hivyo, angelazimika kusema pia kwamba hakusoma kadi, na kwamba alimkataza mwanamke wa watu lugha yake ili yeye aonekane ofisi. Akajiambia, nitamwambia huyu kijana kando, watu wakienda.

"Basi sitaweza," Wahome akasema, akachora mstari mwekundu.

"Haya, twende mbele," mtu wa foleni akasema. Mwingine akaongeza kwa Kikamba, si kwa sauti ndogo, kwamba siku hizi hata nauli za wagonjwa zina wezi. Syombua akachukua kadi yake, akaipangusa kwa leso kama iliyoguswa na uchafu, akatoka.

Watu walipokwisha, Wahome alikuwa na haraka ya kufika Kibwezi. Kasyoka akasema atampigia simu kesho. Ijumaa simu haikuwa na salio. Jumamosi kulikuwa na kufagia kanisa. Jumapili aliketi kwenye kiti cha pili kutoka mbele na hakusikia neno la mahubiri. Jumatatu alipiga, ikaita, na kabla haijapokelewa akaikata mwenyewe. Jumanne alikwenda shamba kupalilia mahali alipokwisha kupalilia. Jumatano ilifika ikapita, jua likichoma kama siku nyingine yoyote.

Alhamisi Syombua hakuonekana.

"Yule mwizi wa nauli leo amelala," Syokau akasema akiwa kwenye foleni.

Kasyoka akatoa sauti puani. Haikuwa kicheko, lakini mtu asiyejua angedhani ni kicheko. Syokau alidhani hivyo, akacheka naye. Kasyoka akaweka kalamu chini. Aliambia foleni ingoje, akaingia chumba cha nyuma penye viti vibovu, akasimama humo ameshika ukuta.

Kesho yake alipanda mlima ule wa pili, akiuliza njia.

Alimkuta Syombua uani akichambua ndengu kwenye ungo. Mzee alikuwa mbali kidogo, karibu na ghala, anasokota kamba ya katani, vidole vikijua kazi bila kuangaliwa. Aliposikia hodi aligeuza kichwa chote, hata mabega, ili jicho la kulia lifike kwa mgeni.

"Nani?"

"Ni mama wa kanisa, tata," Syombua akamjibu baba mkwe wake, akatandika gunia, akaleta chai. Walisema Kikamba sasa, na Kasyoka akashangaa jinsi sauti ya mwanamke huyo ilivyokuwa pana na yenye nguvu, sauti ya mtu mwenye nyumba.

"Jumatano mlikwenda?" Kasyoka akauliza, ingawa alijua.

"Kwa nini? Kwa mabawa?" Syombua akapepeta ungo. "La kushoto limezima. Lilizima jana asubuhi. Alifikiri mtu amefunga dirisha."

Kasyoka akageuka kumtazama mzee.

"Na mwaitu, mimi najilaumu mwenyewe," Syombua akaendelea. "Yule kijana alisema niseme tu jina. Neno moja. Nimejaribu shambani nikiwa peke yangu, nikajiambia, sema, ni jicho la mtu. Mdomo umekataa. Sasa ninamwangalia akipapasa kikombe, najiambia, adabu yako ndiyo imemtoa jicho."

Chai ilikuwa moto lakini Kasyoka aliishika kwa mikono yote miwili bila kusikia.

"Si wewe," akasema. "Mwana wakwa, mwanangu, nisikie. Wewe uliniambia sawa. Mimi ndiye niliyeandika Mbaluka. Kadi ilikuwa mbele yangu na sikuisoma, na nilikukataza Kikamba."

Ungo ukasimama.

"Wewe mwenyewe uliyeketi pale na kalamu?"

"Mimi."

"Yule kijana aliponiuliza, ulijua wakati huo, ama umejua baadaye?"

Hapo palikuwa na mlango mdogo wa kutokea. Kasyoka aliuona. Ilitosha aseme baadaye.

"Wakati huo huo," akasema.

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Syombua hakupiga kelele. Alichagua jiwe moja kutoka kwenye ndengu, akalitupa mbali, akachagua lingine. Birika la chai lilikuwa katikati yao. Akalichukua, akalipeleka jikoni, akarudi mikono mitupu. Kwa Mkamba, kumwondolea mgeni chai ni ujumbe mrefu.

"Jicho la kulia lina tarehe yake," akasema akiwa amesimama. "Daktari alisema lisipofanyiwa nalo litafuata mwenzake. Nenda kwa yule wa Wote. Na mzee usimwambie leo. Kwanza lete nauli, ndipo ulete maneno."

Jumatatu asubuhi Kasyoka alikuwa Wote, ameketi mbele ya meza ya Wahome, upande wa kuulizwa. Alieleza yote, na fimbo, na jina lisilotamkwa, na kwa nini Baba Mbaluka si Mbaluka. Wahome alisikiliza bila kuandika. Mwisho akapitisha mkono usoni.

"Na mimi nikamwita mwizi mbele ya watu," akasema. Kisha akamtazama. "Lakini shosho, wewe ulikuwa hapo kando yangu. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa umetoka kunisifu," Kasyoka akasema.

Kijana akamsukumia karatasi tupu na kumwambia aandike jinsi ilivyokuwa, na jina lake chini, maana faili haiwezi kufunguliwa tena bila maandishi. Kasyoka akavaa miwani, akaandika kwa karibu saa nzima. Hakuandika kwamba fomu ilikosewa. Aliandika *nilikosea*, na mara ya pili *nilinyamaza*, na neno hilo la pili lilimtoa jasho kuliko kulima. Wahome alirudisha nauli ya kwanza siku hiyo, na akaomba wakubwa wake ya pili itolewe mapema. Walikubali.

Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji, likabaki. La kushoto daktari aliliangalia kwa taa yake, akasema hapo hakuna la kufanya tena.

Mwezi uliofuata, siku ya Alhamisi, mzee alikuja mwenyewe mezani na risiti zake. Fimbo bado ilikuwa katikati yake na Syombua, lakini sasa yeye ndiye aliyetangulia. Foleni ilimpisha. Akaketi kwenye benchi, na kwa jinsi benchi lilivyokaa, Kasyoka alikuwa upande wake wa kushoto.

"Mzee, umeamkaje," Kasyoka alitaka kusema. Akaishia kwenye kazi. Aliuliza kwa Kikamba, kama alivyokuwa akiuliza kila mtu tangu safari yake ya Wote. "Jina la mgonjwa?"

"Gedion Musembi. Gedion ni la kanisa, Musembi ni la mama yangu. Yote ni yangu." Watu wakacheka, naye akanogewa. "Nasikia mtu mmoja aliniandika hapa mimi ni Mbaluka. Mbaluka! Mtoto huyo ameshachukua mbuzi zangu akaenda nazo Mwingi, sasa alikuwa anataka na macho!"

Kicheko kikapanda mpaka mabati.

"Ni nani aliyeandika?" mzee akauliza, akigeuka huku na huku, na sasa hakuwa anacheka sana. "Nataka tu nimwone mtu mwenye macho mawili asiyeona kadi."

Syokau alimtazama Kasyoka, na uso wake ulibadilika, kama mtu anayekumbuka alichosema kwenye foleni. Syombua alikuwa ameshika ncha yake ya fimbo. Naye alikuwa anamtazama Kasyoka, hakumsaidia, hakumsukuma. Mzee alitazama mbele, na upande wa kulia, na nyuma kidogo. Upande wa kushoto kwake kulikuwa na giza tu. Kasyoka angeweza kukaa humo ndani ya giza hilo alilolifanya mwenyewe, akaandika, akamaliza, na mzee akaenda zake.

Akainuka. Akashika kiti chake kifupi cha watoto, akazunguka nacho meza mbele ya watu wote, akakiweka upande wa kulia, akaketi.

"Ni mimi," akasema. "Nilikosea, na nilipojua nimekosea nilinyamaza. Ndiyo maana hiyo Jumatano hukwenda."

Mzee aligeuza kichwa polepole mpaka lile jicho moja likampata. Likamkagua kuanzia kitambaa cha kichwa, miwani, mpaka mikono. Hata yule wa kukohoa alijizuia.

"Mwandiko wako wanasema ni mzuri," mzee akasema hatimaye.

"Ndivyo wanavyosema."

"Basi andika nikiona. Na uandike kubwa, maana limebaki moja."

Kasyoka akainama. Aliandika G, akaandika E, bila kulaza herufi hata moja, kubwa kama za watoto ukutani, na mzee akiwa ameinamia karatasi karibu kugusa mkono wake, akizifuata moja moja. Alipofika Musembi mstari ulikuwa umekwisha. Jina likavuka mpaka kwenye nafasi iliyoandikwa kwamba ni ya ofisi tu, na yeye akaliacha livuke.